Namna ninavyoandaa telefone ya mtoto kiziwi

"Fundi, uyu mutoto hasikiake. Tia sauti ya nguvu."

Nimeisikia sentensi hiyo mara nyingi hapa kibandani kwangu, kandokando ya soko la Kenya, komini (mtaa) ya mji wetu wa Lubumbashi, Kongo. Mzazi anaweka telefone mezani, mtoto amesimama nyuma yake anaangalia midomo yetu. Mimi huvuta stuli na kumwomba mzazi akae, maana sauti ya nguvu ni kitu cha mwisho nitakachogusa, na mara nyingi sikigusi kabisa.

Mimi ni fundi wa telefone, si mwalimu wala daktari. Haya nimefundishwa na mtoto wa dada yangu. Alipokuwa na miaka miwili alishikwa na homa ya uti wa mgongo. Ikamwachia uhai, ikamchukulia masikio. Sasa yuko mwaka wa sita wa shule ya msingi, anajiandaa kwa ENAFEP, mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Wenzake wanamwita kwa kuweka kidole shavuni, pale penye kibonyo chake anapocheka. Hilo ndilo jina lake. Lile la ubatizo analifahamu akiliona limeandikwa tu. Na ukimwita bubu atakugeuzia mgongo, maana akikugeuzia mgongo hakuna tena la kumwambia.

Maswali kabla ya kuwasha telefone

Ninamuuliza mzazi mambo matatu. Mtoto anajua lugha ya alama? Anasoma, na anasoma kwa lugha gani? Kuna kusikia kidogo kulikobaki, au hakuna?

Kama hajui alama na hasomi, ninamrudishia mzazi telefone yake, na wengine hukasirika. Lakini programu zote nitakazozitaja hapa kazi yake ni kugeuza: maneno ya mdomoni yawe maandishi, maandishi yawe picha ya mikono. Mtoto ambaye bado hana lugha yoyote hana cha kugeuziwa. Apelekwe kwanza penye viziwi wengine, shuleni au kanisani, na mzazi aende naye akajifunze, asimwache mlangoni na kuondoka.

Kuhusu alama zenyewe kuna jambo lililonigharimu mega nyingi za intaneti, basi nikuepushe nalo. Mwanzoni nilijiambia: sisi tunasoma kwa Kifaransa, kwa hiyo nitapakua video za lugha ya alama kutoka Ufaransa. Nikapakua usiku kucha. Asubuhi mpwa wangu akaangalia tatu, nne, akacheka, akanirudishia telefone. Alama zinazotumika katika shule zetu zilifuata njia nyingine. Zililetwa na kazi ya Andrew Foster, Mmarekani mweusi aliyepoteza kusikia akiwa na miaka 11, naye kwa homa hiyohiyo ya uti wa mgongo. Mwaka 1954 alihitimu chuo cha viziwi cha Gallaudet kule Washington, akihesabiwa mtu mweusi wa kwanza kufanya hivyo. Mwaka 1957 akafungua shule Ghana, na hadi alipokufa katika ajali ya ndege huko Rwanda mwaka 1987 alikuwa ameanzisha shule zaidi ya 30 barani Afrika, nyingine katika nchi yetu ilipoitwa Zaire. Kwa hiyo mizizi ya alama zetu ni ya Kimarekani, juu yake maneno ya Kifaransa, na kila mji umeongeza yake. Unapotafuta video, angalia kwanza alfabeti: ya kwetu ni ya mkono mmoja. Ukiona mtu anaandika herufi kwa mikono miwili kama Waingereza, funga, usimalize mega.

Spika ikiwa imekufa, nunua

Hapa ndipo ufundi wangu unaposaidia. Telefone ya mitumba yenye spika iliyokufa hakuna anayeitaka. Muuzaji mwenyewe anajua. Nilimpatia mpwa wangu moja ya namna hiyo: mtu alianza na dola 45, tukamaliza kwa 28. Kwa mtoto huyu hakuna kilichopungua. Usikubali fundi yeyote akulipishe kutengeneza spika ya mtoto asiyesikia kabisa. Nimewaona wanaofanya hivyo, na ninawafahamu kwa sura.

Ila maiki lazima iwe nzima, na watu wengi wanachanganya vitu hivyo viwili. Maiki ndiyo sikio la telefone, na ndiyo itakayosikia kwa niaba ya mtoto. Ijaribu kwa kurekodi sauti yako mara mbili: kwanza ukiwa karibu, kisha ukiwa hatua tatu. Ukisikia mkwaruzo kama mtu anatafuna mchanga, kwanza safisha kitundu kwa mswaki mkavu. Vumbi letu jekundu la mwezi wa nane linaziba maiki kuliko maji yanavyoiharibu.

Halafu weka telefone kiganjani, mwombe mtu akupigie. Mtetemo uusikie hadi kwenye kifundo cha mkono. Ukisikia kunong'ona tu, mota yake imechoka, na kuibadilisha ni kazi ndogo. Washa tochi ya nyuma. Fungua kamera ya mbele, peperusha vidole mbele yake: kioo kilichochubuka kinafanya mikono ionekane kama iko ndani ya moshi, na kwa watu wanaosemezana kwa mikono hiyo ni sawa na mdomo uliojaa chakula. Kioo hicho kidogo cha kamera ninabadilisha kwa bei ya chupa mbili za soda.

Mwisho tazama nafasi ya kuhifadhi. Video zinakula. Kadi ya kumbukumbu ya GB 32 inatosha kwa kuanzia.

Mwanga na mtetemo

Kwenye telefone nyingi za hapa mipangilio iko kwa Kifaransa, basi ingia Paramètres, halafu Accessibilité, utafute sehemu ya kusikia. Washa tochi imulike kila ujumbe au simu inapoingia. Mahali pa kuiwasha panatofautiana kutoka telefone moja hadi nyingine, usikate tamaa ukikosa mara ya kwanza. Kama mtoto anasikia kidogo kwa sikio moja na anatumia ekuta (spika ndogo za masikioni), washa pia mono, ili sauti za pande zote mbili ziingie kwenye sikio hilo moja.

Saa ya kuamka ni mtetemo. Usiiweke telefone chini ya godoro la sponji, sponji inaumeza mtetemo wote. Iingie ndani ya foronya, upande wa shavu. Na isiwe kwenye chaja usiku huo: telefone inayochajiwa ndani ya mto inapata joto, na betri za mitumba siziamini hata mchana.

Maandishi yanayofuata mdomo wa mwalimu

Mwezi wa pili wa 2019 Google walitoa programu iitwayo Live Transcribe, ambayo inasikiliza mtu akisema na kuandika maneno yake kwenye kioo hapohapo. Walishirikiana na Gallaudet, chuo kilekile cha Foster, na mmoja wa waliohangaika nayo ni Dimitri Kanevsky, mtafiti wao ambaye mwenyewe ni kiziwi. Ninaamini ndiyo sababu imetengenezwa kwa akili: kuna alama ndogo inayoonyesha kelele za mahali zikizidi sauti ya msemaji. Mtu anayesikia asingeliwazia hilo.

Ukiifungua, inakuuliza lugha. Nikaona Kiswahili (Kenya) na Kiswahili (Tanzania). Mimi ni mtu wa komini Kenya tangu kuzaliwa, nikachagua Kenya kwa moyo mweupe. Nikasema: "Njo mambo tunafanyaka ku kazi." Ikaandika kitu ambacho hata leo sijui ni lugha gani. Ni Kenya ya Nairobi, bwana. Kiswahili chetu cha Lubumbashi, chenye Kifaransa ndani yake kama nyama ndani ya bukari (ugali), programu hiyo haikiwezi. Mwalimu anayetaka kuandikwa vizuri achague lugha moja na abaki humo hadi mwisho wa sentensi. Kwa darasa la sita sisi tunaweka Kifaransa.

Nacho kina mitego. Siku ya sehemu za hesabu mwalimu alisema "trois quarts", yaani robo tatu. Telefone ikaandika "trois cars". Mpwa wangu akachora mabasi matatu, mazuri, yenye madirisha na watu. Kwa hiyo neno jipya lolote, namba, na jina la mtu au la mji, mwalimu aliandike ubaoni. Programu imsaidie kufuata maelezo. Istilahi zikae kwenye chaki.

Sasa shida kubwa: telefone iwe wapi? Ikiwa mezani kwa mwalimu, maiki inasikia vizuri lakini mtoto hasomi kitu. Ikiwa kwenye dawati la mtoto, anasoma, lakini maiki inaokota maongezi ya watoto hamsini. Tulijaribu njia tatu. Telefone mbili, ya mwalimu na ya mtoto, ilitushinda gharama. Ekuta yenye maiki yenye waya mrefu ilifanya kazi hadi mwalimu alipoanza kutembea. Iliyobaki ndiyo tunayoitumia: maiki ndogo ya kubana kwenye kola, yenye waya wa mita moja na nusu, mtoto kwenye dawati la mbele kabisa, mwalimu akieleza amesimama palepale. Akitaka kutembea, anaichomoa na kunyamaza. Ajabu, watoto wengine nao wanasema somo hilo sasa wanalielewa vizuri zaidi.

Mwambie mwalimu na jambo hili, maana wengi hawaliwazi: macho ni mawili na yanaangalia mahali pamoja. Mtoto anayesikia anaweza kunakili ubaoni huku masikio yakimfuata mwalimu. Kiziwi akiangalia ubao amekosa maandishi ya telefone, akiangalia telefone amekosa ubao. Ukiandika, nyamaza. Ukimaliza, subiri kidogo, geuka, ndipo useme.

Mvua ikianza juu ya mabati, zima. Usibishane nayo. Hata wanaosikia wakati huo hawasikii, na telefone inaandika hadithi za kujitungia.

Mega nazo zihesabiwe. Baadhi ya lugha zinaweza kupakuliwa ili programu ifanye kazi bila intaneti. Fanya hivyo nyumbani penye mtandao mzuri, kabla ya juma la shule.

Kamusi ya mikono

Kama ungeniambia nichague kitu kimoja tu katika haya yote, ningechagua hiki, ingawa ndani yake hakuna uvumbuzi wa ajabu. Ni kamera ya telefone, kitambaa na uvumilivu.

Mpwa wangu alikuwa anakutana na maneno ya Kifaransa kwenye kitabu, anayanakili kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, bila kujua maana yake. "Dénominateur." "Évaporation." Kwake yalikuwa michoro. Basi tukamwomba mwalimu mmoja ambaye mwenyewe ni kiziwi afanye alama za maneno ya kila somo, mimi nirekodi. Sisitizo langu: anayerekodiwa awe kiziwi anayeijua lugha. Mimi nimejifunza alama kwa miaka minane na bado mpwa wangu ananiambia nina lafudhi.

Rekodi nje, kivulini, kama saa tatu za asubuhi. Sisi tuna mwembe uani. Ndani ya nyumba yenye taa hafifu kamera hukawia kwenye kila picha ili ikusanye mwanga wa kutosha, na mkono unaotembea unageuka kuwa ukungu. Mwanga utoke mbele ya msemaji, dirisha lisiwe nyuma yake, la sivyo utapata kivuli cheusi kinachopunga mikono. Nyuma tundika shuka lisilo na kitu, la bluu au kijivu. Shati nalo liwe la rangi moja, tofauti na rangi ya mikono. Kitenge chenye maua makubwa kinameza vidole. Tulirudia siku nzima kwa sababu ya kitenge.

Picha ianzie juu ya kichwa, iishie kiunoni. Usimkate uso ukidhani lugha iko mikononi tu. Nyusi zikipanda, sentensi imekuwa swali; mashavu yakijaa, kitu kimekuwa kikubwa. Niliporekodi mikono peke yake, mwalimu aliitazama akaniambia nimemrekodi mtu anayesema bila sauti za a, e, i, o, u.

Kila neno video moja, sekunde tano au sita: alama, kisha neno kwa herufi za vidole, kisha alama tena. Faili liitwe kwa neno lenyewe la Kifaransa, ili mtoto akilikuta kitabuni aliandike kwenye sehemu ya kutafuta na mikono itokee. Tumefika maneno 210. Nayapunguza ukubwa kwa programu ya kubana video, halafu tunawagawia wenzake kwa zile programu za kutumiana mafaili kwa Wi-Fi bila kununua mega. Jumamosi kibanda changu kinajaa watoto ambao hawapigi kelele yoyote na wanapiga porojo kuliko soko lote.

Familia na vokali

Alexander Graham Bell, aliyepata hati ya uvumbuzi wa telefone mwaka 1876, mama yake alikuwa na shida kubwa ya kusikia, mke wake alikuwa kiziwi, na yeye mwenyewe alifundisha viziwi. Akatoa chombo ambacho mke wake asingeweza kukitumia. Ilibidi kungoja hadi 1964 ndipo Robert Weitbrecht, mwanafizikia kiziwi, akapata njia ya kupitisha maandishi ya mashine za taipu kwenye waya wa telefone. Ujumbe mfupi wa kwanza wa telefone ya mkononi ukafuata mwaka 1992. Maandishi ndiyo yaliyowafungulia viziwi telefone.

Na sisi tumewafungia tena kwa vokali, yaani ujumbe wa sauti. Kundi la familia yetu lina watu 34, na wote wanarekodi sauti, maana kuandika kunachosha kidole. Bibi yetu alipofariki kule Likasi, vokali kumi na moja ziliingia usiku mmoja. Mpwa wangu aliona mistari ya sauti imepangana, akadhani ni salamu za Jumapili. Alijua asubuhi, alipoona viti vimetolewa uani. Dada yangu alidhani nimemwambia mimi. Mimi nilidhani amemwambia yeye.

Kwa hiyo ninapomaliza kuandaa telefone, ninamwomba mzazi afungue kundi la familia mbele yangu na aandike, asirekodi: kuanzia leo hapa tunaandika. Akiona aibu kwa sababu ya mwandiko wake, mwambie mtoto hajali makosa. Picha nayo inatosha. Au ajirekodi video ya alama tatu alizojifunza.

Aparei ya sikioni

Aparei yenyewe, kile chombo cha kukuza sauti sikioni, siifungui. Chombo hicho si telefone, na anayekuambia atachomelea waya wake kwa risasi, mkimbie. Nitakuambia tu yaliyo ya nyumbani.

Betri zake hupumua. Zina kibandiko chenye rangi: manjano ni namba 10, kahawia ni 312, chungwa ni 13, bluu ni 675. Ukikibandua, hewa inaingia na betri inaanza kufanya kazi, na kukirudisha hakuizimi. Kwa hiyo bandua siku ya kuitumia tu, na ungoje dakika chache kabla ya kufunga mlango wake. Betri ya saa inaweza kuingia mahali pa 675, ndiyo, lakini haikutengenezwa kwa kazi hiyo na inakwisha upesi.

Usiku fungua mlango wa betri, weka aparei kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu. Jasho ndilo adui, hasa mwezi wa kumi kabla ya mvua. Usiianike juani. Ikipiga filimbi, mara nyingi kile kipande cha sikioni hakibani tena: mtoto amekua, sikio limekua, kipande kimebaki vilevile. Kupunguza sauti hadi filimbi iishe ni kumzimia mtoto aparei.

Na aparei inakuza kila kitu, pamoja na madawati yanayoburutwa. Mtoto akiivua wakati wa mapumziko, mwache.

Umeme, na mkubwa wa shule

Umeme wetu unajulikana. Nunua benki ya umeme ndogo, ichajiwe usiku wowote kuran (umeme) inaporudi. Bila hiyo telefone inazimika saa nne asubuhi, katikati ya kanuni ya sarufi.

Kuhusu shule: usimpeleke mtoto na telefone bila kuongea kwanza. Ya mpwa wangu ilichukuliwa mlangoni juma la kwanza, ikakaa kwenye droo ya ofisi siku tisa. Nilirudi na barua, na telefone nikiwa nimeitoa kadi ya simu na kuifunga kwenye programu moja. Android ina uwezo huo, wa kubandika kioo kwenye programu moja hadi uandike namba ya siri. Nikamwonyesha mkubwa wa shule, nikamwomba aseme kitu. Akasema, "Bonjour, je suis le directeur." Akaliona limeandikwa. Akalisoma mara mbili, akaita na karani aje kuona.

Kengele ilibaki. Mpwa wangu alikuwa anaendelea kuandika peke yake darasani wenzake wameshatoka. Nikafunga balbu juu ya ubao, waya hadi kwenye swichi karibu na kengele: anayepiga kengele anawasha na kuzima mara tatu. Siku kuran haipo, mtoto wa dawati la nyuma yake anamgusa bega. Wanapokezana kila juma, na wameshagombana zamu ni ya nani.